Zima na Acha

Kuna watu hudhani kazi ya kompyuta ni kukaa tu. Wanamwona mtu kwenye kiti chake cha kuzunguka, chai iko kando, vidole vinacheza, wanasema huyo anakula bure. Haya, hao ningewaleta mwezi wa Machi mwaka wa tisini na tisa, ghorofani juu ya duka la misumari na rangi kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi, wamwone Kavinya Musau alivyokuwa akiogopa kipanya cha kompyuta. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na moja, amelelewa mtaani Mbotela, hajawahi kukimbia mbwa wala askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, lakini kabla ya kukishika kile kipanya alikuwa anakifuta kwanza kwa kitambaa. Alikifuta kwa sababu alikikuta kimelowa.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kweyu, fundi wao, alikishika dakika moja baada yake na hakusema lolote. Kilikuwa kikavu kwa Kweyu, kikavu kwa kila mtu, isipokuwa kwa yeye Kavinya.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya watu watatu. Madam Wacuka ndiye mwenye kampuni, mama wa sauti ya juu na viatu vya chini, asiyependa mtu aseme "labda" mbele yake. Kweyu ndiye wa kwenda kwa wateja, kuvuta nyaya na kupanda ngazi. Kavinya ndiye mwandishi wa programu. Na programu ilikuwa moja tu, hiyo hiyo iliyowalisha wote: ilimwezesha mtu aliyekaa ofisini kuziangalia seva, zile kompyuta zinazobeba kazi ya kiwanda kizima, aone ipi iko macho, ipi imejaa, na ikibidi azizime kutoka mbali bila kuinuka kitini. Wateja walikuwa saba, karibu wote viwanda vya Industrial Area.

Sasa Madam Wacuka alitaka programu iandikwe upya. "Mteja mmoja ana Windows, mwingine ana Unix, na kila kiwanda kina zile mashine za wapiga chapa za kuchorea lebo," alisema. "Hii ya zamani haifunguki kwenye Unix. Mimi nataka programu moja, ifunguke kote. Kavinya, chagua sanduku. Ijumaa unipe jibu."

Sanduku ndilo neno lao la ofisini. Mwandishi wa programu hachongi kila dirisha na kila batani kwa mkono wake. Anachukua sanduku lililokwisha kujazwa madirisha, batani na menyu, kama vile seremala anavyonunua bawaba badala ya kuzifua mwenyewe. Na ukishachagua umefunga ndoa. Kulibadilisha baadaye ni kuanza kazi yote upya, na kwa Madam Wacuka jambo hilo halikuwapo.

Masanduku yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa zito mno, dirisha moja lilichukua muda wa kuchemsha chai, na likatupwa siku hiyo hiyo. Yakabaki mawili. La pili lilikuwa na adabu za mgeni: likifika kwenye Windows linavaa kama Windows, likifika kwenye mashine ya wapiga chapa linavaa kama wenyeji wa huko, rangi yao, herufi zao, hata batani linazipanga wanavyozipanga wao. La tatu lilikuwa la kijivu, la kishamba, halina urembo hata chembe. Kweyu aliliita "sufuria". Lakini sufuria hilo halikubadilika. Popote ulipolifungua, kila kitu kilikuwa pale pale ulipokiacha.

"Kavi, hii ya pili ni moto," Kweyu alimwambia. "Ona vile inang'aa! Hiyo sufuria nani atanunua?"

Kavinya akatabasamu kwa midomo tu. Alilijua lile la pili. Programu yao ya zamani iliandikwa kwa sanduku la tabia hiyo hiyo, na Kavinya ndiye aliyelichagua, kwa furaha, kwa sababu liling'aa. Na lilimuua mtu. Au aliyemuua mtu ni yeye. Hapo ndipo alipokwama, mwaka na miezi minne, kila siku ya Mungu.

Wacha nieleze, maana bila hili hamtamwelewa.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba mvua ilinyesha kama iliyotumwa. Mnaikumbuka. Mto ulivimba, ukapita mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben ukibeba mabati na viti na kuku wa watu, ukaingia hadi kwenye viwanda. Kimoja kilikuwa kiwanda cha sabuni, mteja wao mkubwa, na fundi wa kampuni siku hizo hakuwa Kweyu. Alikuwa Nyongesa, mtu wa Kimilili kule magharibi, mrefu, mcheshi, mwenye mazoea ya kuimba nyimbo za kanisani akipanda ngazi. Yeye na Kavinya walianza kazi wiki moja. Walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja, Nyongesa akimcheka Kavinya kwa kupenda muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya Ukambani, Kavinya naye akimcheka kwa kuagiza ugali mara mbili.

Siku hiyo saa tisa na dakika ishirini alasiri Nyongesa alipiga simu kutoka kiwandani. Chumba cha seva kilikuwa kimejaa maji hadi magotini. Umeme wa kiwanda ulikuwa umeshazimwa, lakini betri kubwa ya akiba, ile inayoendelea kuilisha seva umeme ukipotea, ilikuwa bado hai, iko sakafuni, na maji yanaipanda. Seva ingeokolewa tu kama mtu angeingia kuiinua. Na mtu hakuweza kuingia mpaka betri ile izimwe, na kuizima kulihitaji amri kutoka kwenye programu, ile ile inayozima seva.

"Kavi, zima kila kitu cha huku, seva na betri yake," Nyongesa alisema. "Nikiingia hivi nitakaangwa."

Kwa kawaida Kavinya aliifanyia kazi programu kwenye mashine ya wapiga chapa iliyokuwa mezani pake. Lakini simu ilikuwa meza ile nyingine, kwenye Windows, na waya wake ulikuwa mfupi. Akakaa hapo hapo. Akachagua jina la seva, akaomba izimwe, dirisha dogo likatokea: Una uhakika? Chini yake batani mbili, Zima na Acha. Mkono wake ukaenda kulia, mahali ambapo Zima ilikaa kila siku, kwa miaka miwili, kwenye mashine yake. Akabonyeza. Dirisha likafungika.

"Umezima?" Nyongesa aliuliza.

"Nimezima."

"Asante, dada." Akaweka simu.

Kwenye Windows, wenyewe huweka batani ya kutenda kushoto na ya kuacha kulia. Kwa wapiga chapa ni kinyume. Lile sanduku lenye adabu lilikuwa limewafuata wenyeji. Kavinya alikuwa amebonyeza Acha. Aliligundua hilo dakika tatu baadaye, alipoona taa ya seva kwenye skrini bado ni ya kijani, na akapiga simu, na ikalia, ikalia, ikalia, mpaka ikapokelewa na mtu aliyekuwa akipiga mayowe.

Jamani.

Wataalamu walikuja, wakaandika kwamba betri ilikataa amri. Betri ilikuwa imekufa majini, haikuweza kujitetea. Madam Wacuka alilia, akakubali. Kavinya akanyamaza. Kisha wakasafiri Kimilili kuzika, na huko, kama desturi ilivyo, kabla ya jeneza kushushwa aliyezungumza na marehemu mwisho huitwa asimame mbele ya watu aeleze mauti yalivyokuja. Ndivyo watu wanavyotuliza mioyo: wakishasikia, hawabaki wakijiuliza. Wakamwita Kavinya. Akasimama kwenye nyasi zilizolowa, mamia ya watu kimya, Lorine mke wa Nyongesa ameketi mbele na mtoto wao Nakhumicha mapajani. Akafungua mdomo akasema mashine ilikataa. Alisema kwa sauti safi, na hilo ndilo linalomchoma hadi leo, kwamba sauti haikutetemeka. Alipokaa, Lorine alimshika mkono akauminya. "Asante kwa kutuambia ukweli," alisema.

Basi hapo ndipo kipanya kilipoanza kulowa.

Tena si kipanya tu. Simu ya ofisi ilianza kulia saa tisa na dakika ishirini. Si kila siku, la, hasa siku za mvua. Kweyu akiipokea husema, "Hakuna mtu. Ni maji tu, laini imelowa." Kavinya akiipokea husikia maji vilevile, maji yanayotembea polepole sakafuni, na nyuma yake mtu anayevuta pumzi akisubiri jibu. Hakusema neno, huyo mtu. Alikuwa ameshauliza swali lake. Kavinya alikuwa akiweka simu chini, anaingia chooni, anafungua bomba ili asisikike akilia. Alimpenda Nyongesa jinsi unavyompenda ndugu. Sasa alikuwa anamwogopa, na aibu ya kumwogopa ilimuuma kuliko woga wenyewe.

Mnasema ni dhamira yake tu? Labda. Mimi sikuwa chooni naye. Najua tu kwamba kule kiwandani ule mstari ulioachwa na mafuriko ukutani wameupaka rangi mara tatu na mara tatu umetokea, na hapo Kavinya hakuwa na mkono.

Alhamisi, siku moja kabla ya kutoa jibu, alimwambia Madam Wacuka kwamba anataka sufuria.

Madam Wacuka alivua miwani. "Kavinya, mimi siuzi makaburi. Nauza programu. Mteja akiona kitu cha kijivu hivi atasema tumemletea mashine ya zamani ya babu yake. Kwa nini?"

"Halibadiliki," Kavinya alisema. "Kila kitu kinakaa mahali pamoja."

"Na watu hawana macho ya kusoma? Batani imeandikwa Zima, unaisoma, unabonyeza. Nipe sababu moja ambayo mteja ataielewa. Moja tu."

Sababu ilikuwapo. Ilikuwa imekaa kooni mwa Kavinya kama mfupa wa samaki. Angeisema, angesema yote: kwamba betri haikukataa, kwamba alidanganya kaburini, kwamba Lorine alimshukuru bure. Lorine! Baada ya msiba kiwanda kilimpa kazi, na kazi waliyompa ni ya zamu ya kompyuta, yaani kukaa ofisini akiangalia seva ile ile kwa programu ile ile. Yeye Lorine ndiye angebonyeza siku nyingine. Na siku hiyo angekuwa Kweyu ndani ya chumba. Kavinya alilijua hilo vizuri kabisa, akalipima, akauma ulimi.

"Sina zaidi," alisema.

"Basi kesho tunajaribu la pili kiwandani. Lorine ndiye mtumiaji, atatuambia kama linamfaa. Akiweka sahihi, tumemaliza."

Usiku huo wote hauna cha kusimuliwa, hakulala, basi. Asubuhi wote watatu walikuwa kiwandani saa nne, harufu ya sabuni imejaa uani mpaka machozi yanatoka, na ng'ambo ya ukuta watu wa Reuben wanaotafuta kibarua bado wamepanga foleni langoni. Lorine alikuja kuwapokea, sweta la kijani, ufunguo shingoni. Alikuwa amekonda tangu mwaka ule lakini macho yake yalikuwa yamepata nguvu. Kodi ya nyumba ya mtaa wa Jericho, alipokaa na Nyongesa, ilimshinda, sasa alikaa chumba kimoja na Nakhumicha karibu na kiwanda.

"Dada Kavi! Umepotea wewe!" Akamkumbatia. "Hata Nakhumicha anakuulizia. Mbona huji kwetu?"

"Kazi, Mama Nakhumicha. Kazi tu."

"Kazi haiishi. Utakuja kwenye chai, sasa hivi nakukamata."

Kila neno lilikuwa sindano. Kavinya aliweka programu ya majaribio kwenye Windows ya ofisi ya zamu, kisha akaiweka kwenye mashine ya lebo, chumba cha pili. Lorine alijaribu kwanza pale alipozoea. Alifurahi kama mtoto. "Lo, ni nzuri! Inafanana na vitu vyangu vyote." Akafungua, akafunga, akazima seva ya kujaribia, akaiwasha. Kila mara mkono wake ulikwenda kushoto, pap, bila kufikiri. Alikuwa na mkono mwepesi, mkono wa mtu aliyejifunza kazi kwa bidii kwa sababu hana pengine pa kwenda.

"Sasa tujaribu kama kweli," Kweyu alisema. "Mimi naingia chumba cha seva, nimechomeka balbu kwenye betri ya akiba. Nitapiga simu. Mama Nakhumicha azime kutoka chumba cha lebo, maana siku ofisi ya zamu ikifungwa itakuwa hivyo. Akisema tayari, nafungua betri nibadilishe waya mmoja ambao umechubuka, niue ndege wawili kwa jiwe moja." Akacheka, akachukua bisibisi, akaondoka akipiga mluzi.

Kavinya alipaswa kusema hapo. Hapo hapo. Alijiambia, atasoma. Batani imeandikwa. Lorine ni mwangalifu, atasoma. Wakaingia chumba cha lebo, mwenye chumba akawapisha, Lorine akakaa. Skrini ilikuwa nzuri, imevaa kama wenyeji. Simu ikalia.

"Eeh, Kweyu," Lorine alisema, simu ameibana begani. "Nizime? Haya."

Akachagua jina la seva. Dirisha likatokea. Una uhakika? Acha kushoto, Zima kulia. Kavinya aliuona mkono wa Lorine ukiondoka, aliuona kama anavyouona wake kila siku, ukaenda kushoto, pap. Dirisha likafungika.

"Tayari," Lorine alisema kwenye simu. "Nimezima."

Na Kavinya akasikia, si kwenye simu, bali nyuma ya sikio lake mwenyewe, karibu sana, maji yakikanyagwa.

"KWEYU USIGUSE!" Alimpokonya Lorine ile simu karibu amwangushe kitini. "Usiguse! Haijazimwa! Toa mkono! Kweyu! Unanisikia? Toa mkono wako hapo!"

Kukawa kimya. Kisha sauti ya Kweyu, nyembamba. "Sijagusa. Kavi, vipi? Nilikuwa nafungua skrubu ya kwanza." Kisha: "Ni kweli. Balbu bado inawaka. Sikuwa nimeiangalia."

"Toka humo ndani," Kavinya alisema. "Toka, Kweyu, tafadhali." Akaweka simu. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, chini ya lebo za sabuni zilizobandikwa pale.

Lorine aliitazama skrini. Hakuwa mtu wa haraka ya maneno. Akasoma ile orodha, akaona taa ya kijani. Akaliita tena lile dirisha, akasoma batani ya kushoto, akasoma ya kulia. Kisha akageuka polepole na kiti.

"Umejuaje?" aliuliza. "Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu. Taa ilikuwa haijabadilika bado. Ulipiga kelele kabla hata sijaweka mkono chini."

Kavinya aliitazama ile simu.

"Dada Kavi. Umejuaje?"

"Kwa sababu mimi pia nilifanya hivyo."

"Lini?"

Hapo angeweza bado kudanganya, nawaambia. Hata hapo. Angesema ofisini, angesema juzi. Mdomo ulikuwa umeshazoea. Lakini alikuwa amechoka, jamani, alikuwa amechoka na maji, na Kweyu alikuwa hai upande wa pili wa ukuta, na jambo hilo lilimfanya alie kwa sauti.

"Siku ya mvua," alisema. "Alinipigia. Aliniuliza, umezima? Nikasema nimezima. Nilikuwa nimebonyeza Acha. Betri haikukataa kitu, Mama Nakhumicha. Haikupewa amri. Mimi sikusoma. Mkono ulienda tu nami nikamwambia nimezima, naye akaniamini akaingia."

Lorine hakulia. Alikaa mikono mapajani, ameshika ufunguo wake. Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa maboksi, magurudumu yanalia, wakausikia ukipita mlangoni hadi ukaisha.

"Ulisimama mbele ya watu," Lorine alisema mwishowe.

"Nilisimama."

"Nikakushika mkono."

"Ndiyo."

"Unajua mimi nimekuwa nikifanya nini hapa?" Sauti yake ilianza kupanda. "Kila asubuhi naingia chumba kile naiangalia betri mpya naitukana. Naitukana kwa Kibukusu, peke yangu, kama mwehu! Naiambia wewe, ndugu yako alimuua mume wangu. Mwaka mzima nimechukia chuma. Chuma, Kavinya! Na wewe uliniacha nichukie chuma."

"Niliogopa."

"Hata mimi naogopa. Mimi nalala na mtoto chumba ambacho maji yanaingia, nani asiyeogopa? Kwani ungesema pale pale, ningekuua? Ningelia. Ningekutukana. Kisha ningejua. Sasa angalia, leo karibu nimuue mtu mwingine kwa mkono wangu huu, na wewe umesimama nyuma yangu unangoja kuona kama nitasoma!"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo Kavinya alilokuwa hajawahi kujiambia. La mwaka ule lilikuwa kosa. La leo hakulikosea, alilijua.

Mlango ukafunguliwa, Kweyu akaingia na bisibisi yake, uso umempauka, na nyuma yake Madam Wacuka aliyesikia kelele akiwa uani. "Kuna nini hapa?" aliuliza. "Mbona mmoja yuko chini?"

Lorine alichukua karatasi ya majaribio kutoka kwenye faili, ile ya kuwekwa sahihi, yenye jina la sanduku na mahali pa kuandika maoni. Akalifuta jina la sanduku la pili kwa mstari mmoja wa kalamu, akaandika juu yake: lile la kijivu. Akatia sahihi. Kisha akainama akampa Kavinya karatasi na kalamu pale sakafuni.

"Hapo pameandikwa sababu," alisema. "Jaza. Uandike jina lake, na uandike lako. Madam ataisoma sasa hivi, na Kweyu ataisoma."

Kavinya aliandika. Herufi zilikwenda ovyo, lakini aliandika yote, saa, mahali, batani ipi, alichoulizwa na alichojibu, na alivyosema Kimilili. Ilimchukua muda. Madam Wacuka alipoipokea aliisoma amesimama, kisha akatafuta kiti. Akampa Kweyu. Kweyu aliisoma akaiangalia bisibisi mkononi mwake, akaiweka mezani taratibu, akatoka nje.

"Ningekuambia nini jana," Kavinya alimwambia Madam Wacuka.

"Hili," Madam Wacuka alisema. "Ungeniambia hili." Na ile sauti yake ya juu haikuwapo.

Lorine alisimama, akaizima skrini ya mashine ya lebo, akakunja mikono ya sweta. Kavinya naye akainuka akishika ukuta. Alitaka kuomba msamaha na hakuona mahali pa kuuomba, maana uso wa Lorine ulikuwa umefungwa kabisa.

"Hilo sanduku la kijivu," Lorine alisema, "nitahitaji kufundishwa, tuanze na programu ya majaribio. Na wale wengine wa zamu pia, wote, mpaka mikono yao ijue. Ni kazi ya wiki ngapi?"

"Tatu. Labda nne." Kavinya alirudisha kalamu. "Kweyu anaweza kuwafundisha. Sitakuja kama hutaki kuniona."

"Sitaki kukuona," Lorine alisema. Akafungua mlango, akangoja Kavinya atangulie. "Uje Jumatatu saa mbili."